Simu Haikujua Tunatafuta Nini

Kwenye kompyuta yangu nina faili moja ambalo nimeshindwa kulifuta. Ndani yake mna mistari maelfu kwa maelfu: tarehe, saa, mahali, kasi, na mwishoni mwa kila mstari neno moja tu. Ukishuka mpaka mchana wa siku moja ya mwezi wa Agosti, neno hilo halibadiliki kwa karibu saa tano. KUVUA. KUVUA. KUVUA. Mistari yote hiyo niliithibitisha mimi, kwa kidole changu mwenyewe. Na siku ile, ndani ya chombo chetu, hakuna aliyevua hata dagaa.

Chuoni nilisoma fasihi. Nilifundishwa kuhakiki riwaya, tamthiliya na mashairi: nani anasema, anamwambia nani, kipi amekiacha nje na kwa nini. Sikufundishwa kuhakiki orodha ya maneno matatu. Lakini nimekuja kuona kwamba siku hizi orodha fupi za aina hiyo zinasimulia maisha ya watu wengi kuliko riwaya zetu zote, na hazina mhakiki. Kwa hiyo naomba hapa niifanye kazi niliyofundishwa, juu ya matini ambayo sikufundishwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ni vijiji viwili vinavyotazama bahari moja: Dimbani, penye msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na Mkunguni, anakoishi ami yangu. Mradi mmoja wa utafiti ulitaka kujua wavuvi wa huko wanatumia saa ngapi kuvua na wanavua wapi. Zamani swali hilo liliulizwa kwa mdomo: karani anakaa pwani, chombo kinaingia, anauliza, anaandika. Mradi ulitaka kupunguza kuuliza. Ukatoa simu za kawaida, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki usioingia maji, nahodha aivae shingoni. Simu ingejifunza kutambua yenyewe mwenye kuivaa anafanya nini. Ami ana boti ya mashine, akakubali kuvaa moja. Mimi nikaajiriwa kwa miezi michache kuwa mwalimu wa simu.

Nasema mwalimu kwa sababu simu haizaliwi na akili hiyo. Ndani yake mna vihisi. Kimoja, akseleromita, hupima jinsi simu inavyosukumwa na kuvutwa katika pande tatu. Kingine, jairoskopu, hupima inavyozunguka. GPS hutoa mahali, na mahali pakibadilika unapata kasi. Vihisi hivyo havijui neno hata moja. Vinatoa namba tu. Programu huzikata namba hizo vipande vifupi vya muda, ikapiga hesabu ya wastani na mtikisiko wa kila kipande, kisha ikamgeukia mwalimu: hiki tukiite nini? Ukishaijibu mara nyingi vya kutosha, huanza kukisia yenyewe. Wiki za mwanzo nilikwenda baharini na daftari, nikiandika dakika kwa dakika. Baadaye programu ikawa inapendekeza, nami kila usiku nathibitisha: sahihi, au si sahihi. Nikisema si sahihi, lazima nichague neno jengine.

Maneno yalikuwa matatu: PWANI, SAFARI, KUVUA. La nne halikuwepo.

Na programu haikuwa mjinga. Chombo kikikata maji moja kwa moja kwa kasi, hiyo ni SAFARI. Kikipunguza mwendo, kikageuka, kikarudi karibu na pale pale, kikasimama, kikageuka tena, hiyo ni KUVUA. Mara nyingi ilipatia. Kulikuwa na siku ilipatia vizuri kuliko daftari langu, maana simu haipatwi na kichefuchefu cha bahari.

Siku ile ya Agosti pepo za kusi zilikuwa zimeshika. Asubuhi zilikuja habari kwamba kijana mmoja wa jirani, aliyetoka usiku na boti ndogo ya mashine, hajarudi, na simu yake haipatikani. Hakuna aliyeitisha mkutano. Ami alichukua dumu la petroli lililobaki, akaita watu watatu, nami nikapanda. Simu ya mradi ilikuwa shingoni mwake kama kawaida. Sidhani kama alikumbuka kwamba anayo.

Tulielekea kaskazini magharibi, upande wa Pungume. Ami alisema chombo kilichokufa mashine hakichagui njia. Nahodha wake ni upepo na mkondo, basi na sisi tuwafuate hao. Tulipofika alipopakisia, akapunguza mwendo. Tukaenda mbele kidogo, tukageuka, tukarudi, tukasogea, tukageuka tena. Kila baada ya muda alizima mashine na sote tukanyamaza tukisikiliza. Kisha mmoja wetu anaita jina. Kisha tunasikiliza tena. Hivyo hivyo, tangu saa tano asubuhi mpaka saa kumi kasoro.

Alipatikana. Boti ya watu wa Dimbani ilimkuta ameshasukumwa mbali kuliko tulipokuwa sisi, midomo imepasuka kwa jua, lakini mzima. Tulipigiwa simu petroli ikikaribia kutuishia. Pwani tulikuta watu wamejaa, mama yake kijana ameshikwa mikono na wanawake wenzake, huku na huku. Hakuna aliyetuuliza samaki.

Usiku nilifungua programu. Ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Tangu saa tano mpaka karibu na saa kumi: KUVUA, na pembeni alama ya kijani inayoonesha kwamba haina wasiwasi na jibu lake. Nilitaka kubonyeza "si sahihi". Lakini ningechagua nini? Hatukuwa PWANI. SAFARI ni kutoka mahali kwenda mahali, na sisi tulikuwa tunazunguka. Nilikuwa nimechoka, kichwa kinaniuma kwa jua, na kila sahihisho lilitaka maelezo kwa msimamizi. Nikabonyeza "sahihi", nikalala.

Wiki kadhaa baadaye niliona jedwali la mwezi. Mstari wa ami wa siku ile ulikuwa mfupi: karibu saa tano za kuvua, samaki kilo 0. Ukiwa hujui mambo ya uvuvi unaweza kuupita. Anayejua husimama. Wataalamu wa uvuvi hugawanya samaki waliopatikana kwa juhudi iliyotumika, yaani kilo kwa kila saa ya kuvua au kwa kila safari, na kutokana na hesabu hiyo hukisia kama samaki baharini wanaongezeka au wanapungua. Saa nyingi na samaki sufuri maana yake ni moja: bahari imekauka. Ghuba ya Menai, ambayo Kizimkazi imo ndani yake, ni eneo la hifadhi tangu mwaka 1997, na katika eneo la hifadhi maamuzi juu ya nani avue wapi, na kwa zana gani, yanahitaji namba. Siku tuliyomtafuta mtoto wa jirani imekuwa ushahidi kwamba samaki wamekwisha.

Najua mstari mmoja hauwezi kubadilisha sheria. Kilichonisumbua ni kujua jinsi mstari ule ulivyokuwa safi. Haukuwa na kosa la namba. Kasi ilikuwa kweli, mahali palikuwa kweli, mizunguko ilikuwa kweli. Uongo ulikuwa katika neno tu.

Hapo ndipo uhakiki unapoanzia. Maneno haya yanatoka wapi?

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Genoa, Italia, walitoa hadharani data ambayo tangu wakati huo imekuwa kama kitabu cha darasa la kwanza kwa kila anayejifunza fani hii. Nami nilianzia hapo. Walichukua watu 30, wenye umri wa miaka 19 hadi 48, kila mmoja akafungwa simu ya Samsung Galaxy S II kiunoni. Vitendo vilikuwa sita: kutembea, kupanda ngazi, kushuka ngazi, kukaa, kusimama, kulala. Vipimo 50 kila sekunde, vikikatwa vipande vya sekunde 2.56.

Tuisome kama tunavyosoma hadithi. Mhusika mkuu ni nani? Ni mtu mzima asiye mzee, mwenye viungo vizima, asiye na mzigo kichwani wala mtoto mgongoni. Ngazi ziko karibu naye. Anafanya jambo moja kwa wakati mmoja, na likiisha ndipo anaanza jengine. Na ana mkanda. Shangazi yangu hana mkanda. Simu yake hukaa katika pindo la kanga, na siku nyingine chini ya mto, na siku nyingine anayo mjukuu. Akiwa anasuka ukili, amekaa chini tangu baada ya adhuhuri mpaka alasiri, kiwiliwili chake hakisogei na mikono haipumziki. Siku moja, kwa mchezo, nilimvisha saa yangu ya kuhesabu hatua. Kufika alasiri ilimpongeza kwa kutembea. Shangazi alifurahi sana. "Nimefika wapi?" akaniuliza.

Sisemi kwamba watu wa Genoa walikosea. Walitaka kupima jambo dogo, wakalipima vizuri, wakasema wazi walivyolipima. Wala si kweli kwamba fani imelala. Wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha mwaka 2017 data ya watu 60, wengi wao wanafunzi, waliokuwa wakiishi siku zao za kawaida, zaidi ya dakika 300,000, huku wenyewe wakijitilia lebo, hata kadhaa kwa mpigo. Kwangu hatua hiyo ni kubwa kuliko ongezeko lolote la vihisi, maana mwenye siku ndiye anayeipa siku jina.

Lakini ndani ya simu tulizonazo mifukoni orodha imebaki fupi. Mfumo wa Android humpa mtengenezaji wa programu majina manane ya kile mtumiaji anachoweza kuwa anafanya: yuko ndani ya chombo cha moto, yuko juu ya baiskeli, yuko kwa miguu, anatembea, anakimbia, ametulia, simu imeinamishwa, na la mwisho, haijulikani. Nimeisoma orodha hii mara nyingi. Hakuna bahari ndani yake. Mtu aliyemo kwenye ngalawa, tanga limejaa, maji yanamrukia, itabidi aingizwe katika mojawapo ya manane. Ninalolipenda zaidi ni lile la mwisho. "Haijulikani" ndilo neno pekee katika orodha linalokiri kwamba mwandishi wake hakuwepo. Sisi katika mradi wetu hatukuwa nalo.

Tatizo hili si la simu peke yake. Kuanzia mwaka 2016 ndege zisizo na rubani zilipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba, na wanafunzi wa SUZA walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Mwaka 2018 picha hizo zikatumika katika mashindano ya kufundisha kompyuta kutambua majengo, kwa makundi matatu: jengo lililokamilika, jengo lisilokamilika, na msingi. Kwa kupanga mji, kazi hiyo ina faida kubwa. Lakini fikiria mtu aliyejenga vyumba viwili, akahamia na watoto, na anaongeza cha tatu kila anapopata mifuko ya saruji. Ameishi humo miaka kumi. Kwa picha ya juu, nyumba yake haijakamilika. Kwa wanawe ni kwao.

Mwaka 2018 huo huo jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuatilia meli za uvuvi zaidi ya 70,000 duniani kupitia AIS, mawimbi ambayo meli hutoa ili zisigongane. Kompyuta ilifundishwa kutambua, kutokana na mwendo wa meli, ni wakati gani inavua. Ilikuwa kazi kubwa. Ni mbinu ile ile ya simu ya ami, kwa kipimo cha dunia. Ila meli kubwa ya viwanda ni rahisi kuisoma, kwa sababu imejengwa kwa kazi moja. Boti ya Kizimkazi haikujengwa hivyo. Alfajiri inavua kwa mshipi, saa mbili inapeleka wageni kutazama pomboo, jioni inavusha maiti au bibi harusi, na siku mtu akipotea inamtafuta. Kuwafuata pomboo nako ni kwenda polepole, kugeuka, kurudi, kuzima mashine. Siku za wageni programu iliniandikia KUVUA vile vile, nami nilizibadili kuwa SAFARI bila tabu, maana wageni wana risiti.

Nilimweleza haya yote rafiki yangu mmoja wa Mjini anayeandika programu. Hakuona tatizo. "Ongeza lebo," aliniambia. "Weka KUTAFUTA. Ipe mifano ya kutosha."

Nikamuuliza mifano hiyo itatofautianaje na ya kuvua. Mwendo ni ule ule. Mtikisiko ni ule ule. Hata kuzima mashine na kungoja ni kule kule. Akafikiri kidogo. "Basi washa maikrofoni. Mkimwita mtu, itasikia."

Na kweli ingesikia. Ingesikia pia ami akizungumza na mkewe, akimkopa mtu, akisoma nyiradi zake. Nilitambua siku ile kwamba rafiki yangu amenionesha njia panda ya fani nzima. Tofauti ya kuvua na kutafuta haimo katika mwendo. Imo katika nia. Na nia ya mtu ina milango miwili tu: unamuuliza, au unamdukiza. Mradi ulioanza kwa kutaka kupunguza kuuliza hauwezi kufika mbali bila kuukuta mlango wa pili, na ukiukuta utauona ni wa kawaida, kwa sababu utakuwa umeandikwa "kuboresha usahihi".

Katika Kiingereza cha fani hii, wanachokitafuta wanakiita kwa neno ambalo sisi tunalitafsiri muktadha. Maelezo yanayonukuliwa zaidi ni ya Anind Dey, ya mwaka 2001: muktadha, kwa muhtasari, ni taarifa yoyote inayoweza kutumika kubainisha hali ya mtu, mahali au kitu kinachohusika kati ya mtumiaji na programu. Ni maelezo mapana na ya busara. Ila ukiyasoma kwa Kiswahili unaona jambo: anaeleza hali. Hajafika kwenye muktadha.

Neno muktadha tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa kadhi na kadhia. Ndani yake mna kuamua na kudai. Wanazuoni wa balagha walisema usemi fasaha ni ule unaoafikiana na muktadha wa hali, yaani na kile ambacho hali inakidai. Hali ni kitu kimoja, na kinachodaiwa na hali ni kingine. Chombo kinazunguka polepole karibu na Pungume, kusi linavuma, jua liko utosini: hiyo ni hali, na simu iliisoma vizuri. Mtoto wa watu hajarudi na mama yake yuko pwani: hicho ndicho kilichotudai tuzunguke. Kihisi kinaweza kupima cha kwanza kwa uzuri kuliko jicho langu. Cha pili hakimo ndani ya mfuko wa plastiki.

Si mimi wa kwanza kulisema hili. Paul Dourish aliandika mwaka 2004 kwamba fani inakosea inapouchukulia muktadha kama chombo ambamo kitendo kimewekwa, wakati kitendo na muktadha huzaana. Kabla yake, mwaka 1987, Lucy Suchman alifungua kitabu chake cha kuwaonya watengenezaji wa mashine kwa mfano wa mabaharia. Baharia wa Ulaya, alieleza akitegemea utafiti wa Thomas Gladwin, huanza na mpango na hujitahidi kubaki ndani yake. Baharia wa visiwa vya Truk, katika Pasifiki, huanza na lengo, na njia huipata kadiri upepo, mawimbi na nyota zinavyokuja. Ukimsimamisha wakati wowote atakuonesha kwa mkono anakokwenda, ingawa hawezi kukuchorea njia yake. Nilipousoma ukurasa ule nilimwona ami. Njia yake ya siku ile, ukiichora, ni mchoro wa mtu aliyechanganyikiwa. Lakini dakika yoyote ya zile saa tano ungeweza kumuuliza "tunafanya nini?" na angekujibu kwa neno moja.

Suchman aliyaandika hayo akiwa mtafiti wa Xerox, huko Palo Alto. Humo humo Mark Weiser aliandika, katika Scientific American ya 1991, ndoto ya kompyuta zitakazojificha ndani ya maisha ya kila siku mpaka tusizione. Ndoto na onyo lake zilitoka nyumba moja. Ndoto ndiyo iliyotufikia Kizimkazi.

Lazima niseme na upande wa pili, maana mhakiki asiyeipa kazi haki yake ni msengenyaji tu. Laiti yule kijana angekuwa amevaa simu ya mradi, na boti yake ikawa bado inashika mtandao, huenda tungemkuta kabla ya adhuhuri. Nukta moja kwenye ramani ingetosha. Sijasahau hilo, na nikimwona kijana huyo njiani hulikumbuka. Siwezi kusema vifaa hivi havina maana kwa watu wa bahari. Ila angalia ni nini hasa kingemwokoa: mahali alipo, ambapo ni hali, pamoja na sisi tunaojua mahali pale panadai nini. Mashine peke yake, ikimwona anasukumwa taratibu na mkondo huku ametulia, katika orodha yetu ya maneno matatu ingemwandika nini? Nina hakika ingemwandika KUVUA.

Kwetu kuna kifaa kikongwe cha kutambua hali ya mtu, nacho ni salamu. Hujambo, habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Mgeni huona tunapoteza muda, kwa sababu majibu yote ya mwanzo ni salama na nzuri. Ukweli huja swali la nne au la tano, sauti ikishuka: "Salama, ila mtoto hajarudi tangu jana." Anayeuliza mara moja akaondoka ataandika SALAMA. Kuuliza ni kazi ya polepole na ya gharama, na sikatai kwamba mradi ulikuwa na sababu ya kutaka kuipunguza. Nachokataa ni kuamini kwamba ukishaipunguza, jibu linabaki lile lile.

Mkataba wangu ulipokwisha nilimwendea ami barazani, nikamwonesha mstari wake. Nilimweleza maana ya saa tano na kilo sufuri. Nilimweleza na kitufe nilichobonyeza. Nilidhani atakasirika.

"Kwa hiyo wameandika nilivua?"

"Ndiyo, ami."

"Basi andika nimevua mtu." Akacheka, kisha akajirekebisha, maana ni mtu wa haki. "Na huyo pia sikumpata mimi. Wamempata wenzangu wa Dimbani. Andika sikupata."

Nikamwambia naweza kuwaandikia wabadilishe. Akanyamaza kidogo, akitazama mfuko wa plastiki uliokuwa umetundikwa msumarini.

"Si ungeniuliza tu, mwanangu. Usiku ule ule. Mimi nilikuwa macho."

Niliwaandikia. Katika nakala yangu niliongeza safu mpya mwishoni, nikaiita MAELEZO, na mbele ya kila mstari wa zile saa tano nikajaza: tulikuwa tunamtafuta mtu, amepatikana salama. Jibu lao lilikuja baada ya siku mbili, la adabu kabisa. Walinishukuru kwa uaminifu. Walisema programu haina mahali pa kusoma safu ya maandishi, kwa hiyo mistari hiyo wameiondoa yote ili isiharibu hesabu.

Sasa katika data yao ami siku ile hakutoka. Tumeuondoa uongo, na kwa mujibu wa hesabu zao hilo ni sahihisho zuri. Mimi faili langu ninalo bado, na safu yake ya ziada.